Unyayo wa mbwa na deni la mwenye nyumba

Kishona nguo hakichagui nguo. Mbegu zake nyeusi, nyembamba kama sindano, hushika suruali ya mwalimu anayekatiza kiwanja kama zinavyoshika gauni la mama anayetoka shambani. Mwalimu akifika nyumbani huketi kibarazani akazing'oa moja baada ya nyingine. Mbwa aliyemfuata nyuma hana vidole vya kung'olea. Akiwa ni wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, atajilamba, atatafunatafuna kati ya vidole, na mambo yataisha. Akiwa ni yule wa manyoya marefu, aliyeletwa kutoka mji wa mbali ndani ya boksi angali mtoto, mbegu itazama kwenye manyoya yanayoota kati ya vile vitakia vyeusi anavyokanyagia, na hapo huanza habari nyingine.

Utemini ni kata ya Manispaa ya Singida, na Singida ni nchi kavu. Mvua zake ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya upepo, vumbi na majani makavu yanayokatika ukiyagusa. Kuna migunga, kuna mbigili, kuna majabali yanayoshika joto la jua mpaka magharibi. Mji una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na tope la kandokando yake likikaukia kwenye manyoya huwa gumu kama udongo wa tanuri. Mbwa mwenye nyayo zenye manyoya marefu akizunguka siku moja katika mazingira hayo hurudi nyumbani amebeba nchi nzima miguuni.

Swali ni hili: mwenye mbwa anadaiwa nini na unyayo huo? Kuushika, kuupanua, kuuondolea miiba na kuukata manyoya yaliyozidi, je, ni wajibu mbele ya Mungu, ni hisani tu, au ni anasa ya watu wasio na shida nyingine? Mji ambao adhana na kengele ya kanisa husikika kutoka kibaraza kimoja hauwezi kulijibu swali hilo kwa kucheka. Singida ni makao ya jimbo Katoliki tangu mwaka 1972, ni makao ya Dayosisi ya Kati ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na ina Waislamu wengi, wengi wao wakilelewa katika madhehebu ya Shafi. Kila mmoja wa hao ana jambo la kusema juu ya mbwa.

Kwanza, unyayo wenyewe. Sehemu kubwa ya mwili wa mbwa haitoi jasho kama la mwanadamu. Jasho lake la namna hiyo hutoka kwenye vitakia vya nyayo. Kwa hiyo kati ya vidole pana unyevu, na manyoya yakiwa marefu hapo unyevu haukauki. Vumbi huugeuza kuwa tope, tope hushikana na manyoya na kuwa kifundo, na kifundo hukaa kati ya vidole kama kokoto ndani ya kiatu. Mbwa hawezi kuvua kiatu hicho. Hutembea juu yake, ngozi ikachubuka, akaanza kulamba, na mate yakaongeza unyevu uleule uliomletea taabu. Kupe hupenda kujificha hapo kwa sababu hapaonekani. Tena zipo mbegu za nyasi zenye vinyuzi vilivyoelekea nyuma, ambazo zikishaingia kwenye ngozi haziwezi kurudi zilikotoka. Kila hatua huzisukuma mbele, na zisipoondolewa huacha usaha njiani.

Halafu kuna funza. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Asili yake ni Amerika ya kusini, na mwaka 1872 alishuka Ambriz, pwani ya Angola, pamoja na meli iliyotoka Brazil. Ndani ya kizazi kimoja alikuwa amevuka bara zima kwa miguu ya wapagazi, askari na wanyama. Mbwa humbeba kama mtu anavyombeba, na kaya ambayo mbwa wake hakaguliwi nyayo hutibu watoto leo, kesho watoto wakapata funza wengine pale pale uani. Mtu asiyejali mbwa hata kidogo bado ana sababu ya kuutazama unyayo wake.

Lakini faida ya kaya haijibu swali lililoulizwa. Inaonyesha tu kwamba jambo lenyewe si dogo.

Mwislamu wa Utemini atakayeambiwa ashike mguu wa mbwa atauliza juu ya najisi, na ana haki ya kuuliza. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili na ya walioupokea Uislamu kutoka huko, mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa na mate yake au unyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wahanafi wanaona mate ndiyo najisi, manyoya siyo. Wamaliki wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, na kuosha chombo mara saba kwao ni amri ya ibada. Wanazuoni wametofautiana hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja bila mmoja kumtoa mwenzake katika dini. Wanachokubaliana ni kwamba hukumu hizo zinahusu mkono wa mtu, nguo yake, chombo chake na sala yake. Hakuna hata moja inayosema kwamba maumivu ya mbwa hayana uzito. Najisi ina maji na udongo wake. Dhuluma haina idadi ya maji inayoitoa.

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, yupo mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa anahema, anakula udongo wenye unyevu kwa kiu. Akarudi kisimani, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akakibana kwa meno ili mikono ipate kupanda, akamnywesha. Mungu akamshukuru na kumsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna malipo hata kwa wanyama, Mtume aliwajibu kwamba kila kiumbe hai kina malipo. Wahubiri wengi hukazia maji. Inafaa kukitazama na kile kiatu. Mtu yule alivua kilicholinda mguu wake, akakitia mdomoni mwake, kwa ajili ya mnyama ambaye mate yake ndiyo yanayohitaji kuoshwa mara saba. Kama kusitasita kulikuwa na nafasi, ni pale.

Sura ya Al-Kahf, ambayo Waislamu wengi huisoma kila Ijumaa, inawataja vijana waliolazwa pangoni, na pamoja nao mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Katika kitabu kisichopoteza neno, miguu ya mbele ya mbwa imepewa nafasi. Amehesabiwa pamoja nao kila idadi yao inapotajwa.

Wakristo nao wana mbwa wao. Katika mfano wa Lazaro maskini, kwenye Injili ya Luka, tajiri hakushuka mlangoni. Waliomfikia mgonjwa na kumlamba vidonda ni mbwa. Katika kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kijana Tobia anaondoka safari ndefu pamoja na malaika Rafaeli, na mbwa anawafuata kwa miguu kwenda na kurudi. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba mwenye haki huyajali maisha ya mnyama wake. Alhamisi Kuu, kumbukumbu ya Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu, inakumbusha pia kuwa kushika mguu wa mwingine ni kazi ya mtumishi, na kwamba Petro alikataa kwanza kwa sababu aliona ni ya chini mno. Mguu ni sehemu ya chini ya mwili, na mbwa katika lugha yetu ni tusi. Mwenye kuinama kushika unyayo wa mbwa ameinama mara mbili.

Pingamizi kubwa halitoki kwenye najisi. Linatoka kwenye umaskini, nalo ni zito. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema watu wanapaswa kuwatendea wanyama kwa wema, na papo hapo inaonya kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza dhiki ya wanadamu. Mkazi wa Singida anayejua bei ya dumu la maji wakati wa kiangazi, na anayemfahamu mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari, anaposikia habari ya kumkata mbwa manyoya ya miguu ana haki ya kukunja uso. Katika miji mikubwa kuna watu wanaolipia kumpendezesha mbwa kwa riboni na manukato. Hapo onyo la Katekisimu linasimama, na mwandishi yeyote mwenye dhamiri hatalipinga.

Kutoa mwiba hakumo katika hesabu hiyo. Gharama yake ni mkasi uliopo ndani, mwanga wa alasiri na nusu saa. Daftari la mtoto halinunuliwi kwa kumwacha mbwa achechemee. Na anayesema hana muda kwa kuwa watu wanateseka aulizwe kama muda alioubana kwa mbwa ameupeleka kwa mtu yeyote.

Kuna hoja nyingine ambayo ndiyo inayolibadilisha jambo hili kutoka hisani kuwa deni, nayo imo katika damu ya mbwa mwenyewe. Mwaka 2009 watafiti walitangaza katika jarida la Science matokeo ya kupima vinasaba vya mbwa zaidi ya 1,000 wa aina 80. Waligundua kuwa vinasaba vitatu tu ndivyo vinavyoamua karibu namna zote za manyoya ya mbwa wa kufugwa. Urefu unatokana na kimoja kiitwacho FGF5. Kazi yake ya kawaida ni kuuambia unywele usimame, umetosha. Kikiharibika, amri ya kusimama haifiki kwa wakati, na unywele huendelea kukua. Mbwa huwa na manyoya marefu pale anapoirithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mbwa mwitu hana hali hiyo. Ni watu walioipenda, kwa ajili ya baridi au kwa ajili ya uzuri, wakachagua dume na jike wenye nayo, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikawa sura ya ukoo.

Kwa hiyo mbwa anayechechemea Utemini kwa kifundo cha manyoya kati ya vidole hakuumbwa na nyika hii. Mikono ya watu ilimtengeneza kwa ajili ya nchi nyingine, kisha mikono mingine ikamleta kwenye mbigili. Yule wa kienyeji ana miguu iliyochujwa na ardhi yenyewe. Akiachiwa nafasi na maji atajitunza kwa sehemu kubwa. Wa manyoya marefu alinyang'anywa uwezo huo kabla hajazaliwa. Anayemkata manyoya ya unyayo anamrudishia kilichokuwa chake.

Immanuel Kant aliwafundisha wanafunzi wake wa Königsberg kwamba wajibu wetu kwa wanyama ni wa kupitia kwa watu: anayempiga risasi mbwa mzee aliyemtumikia hamkosei mbwa, anauharibu utu ndani ya nafsi yake mwenyewe. Jeremy Bentham, mwaka 1789, alilipeleka swali mahali pengine: haijalishi kama mnyama anafikiri au anasema, la msingi ni kama anaweza kuumia. Juu ya mwiba, Bentham yuko karibu zaidi na ukweli. Mwiba unamwuma mbwa. Hauhitaji kwanza kuharibu tabia ya mtu ndipo uhesabiwe.

Wala haikuhitajika kuwangoja Wazungu wa karne ya 18. Izz ad-Din ibn Abd as-Salam, mwanachuoni wa Shafi aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliandika juu ya haki za wanyama walio mikononi mwa watu. Mwenye mnyama, alifundisha, lazima amgharimie hata akizeeka au akiugua na faida yake ikaisha, wala asimtwike asichoweza. Ni vyema msomaji wa Utemini akumbuke kwamba mtu huyu alikuwa wa madhehebu yaleyale yanayomhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Hakuona mgongano. Ufugaji wa mbwa bila haja ulikwisha kukemewa katika hadithi, ukaruhusiwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wakaongeza ulinzi wa nyumba. Lakini ukishamfunga mnyama kwenye ua wako, swali la kama ulipaswa kumfuga haliifuti haki yake ya matunzo.

Wabedui wa Bara Arabu walilitatua jambo hili kwa mikono. Wana mbwa wa kuwinda aitwaye saluki, mwembamba, mwenye kasi, na baadhi yao wana manyoya marefu masikioni, mkiani na kati ya vidole. Kijadi hawamwiti kwa jina la mbwa wa kawaida. Humwita huru, na huruhusiwa kulala hemani. Manyoya yale ya vidoleni humkinga na mchanga wa moto na mawe, kwa hiyo hayanyolewi ovyo. Tena ipo desturi ya kumpaka hina kwenye nyayo ili ngozi yake iimarike. Waswahili walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba wanaijua hina kwa miguu ya bibi harusi. Kwamba hina hiyohiyo imepakwa nyayo za mbwa na watu wanaosali sala tano kunaonyesha umbali ambao heshima inaweza kufika pale watu wanapomtegemea mnyama kwa riziki.

Hapa jina la kata lina la kusema. Utemini limebeba neno utemi, mamlaka ya mtemi. Wanahistoria wengi hulihusisha jina mtemi na kitenzi kutema, kukata: aliyefyeka msitu watu wakapata pa kukaa, au aliyekata shauri watu wakaacha kugombana. Serikali ya Tanganyika iliufuta utawala wa jadi mwaka 1963, lakini maana haikufutwa. Mtemi aliheshimiwa kwa kukata kile kilichowafunga watu. Kitabu cha Mwanzo kinampa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama, na Kurani inamwita khalifa katika ardhi. Mamlaka hayo yana maana gani ikiwa aliyepewa hawezi kuinua mguu wa kiumbe anayemlindia mlango usiku kucha akaona umekwama nini?

Sheria ya nchi nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimsababishie mateso yasiyo ya lazima. Nyuma ya sheria za namna hii duniani ipo ripoti ya kamati ya Brambell, iliyotolewa Uingereza mwaka 1965 juu ya mifugo iliyofungiwa mabandani. Kamati hiyo ilitaja mambo machache ambayo mnyama lazima aweze kuyafanya: kusimama, kulala, kugeuka, kunyoosha miguu, na kujisafisha. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, mwenye vifundo vya manyoya kati ya vidole, amepungukiwa na zaidi ya moja.

Kazi yenyewe ina jambo la kufurahisha. Wenye ujuzi wanasema manyoya ya nyayo yakatwe yakiwa makavu, kwa sababu kifundo kikilowa hujikaza zaidi. Na kwa mujibu wa fiqhi ya Shafi, mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, najisi haihami. Utaratibu wa daktari wa mifugo na utaratibu wa mwenye udhu vinakutana hapohapo. Mwenye wasiwasi avae glavu. Mbwa alazwe ubavu penye mwanga, azoeshwe kushikwa mguu kwanza bila mkasi. Vidole vipanuliwe kwa dole gumba, mbigili na mbegu zitolewe kwa mkono au kibano. Mbegu iliyosokotwa sana na manyoya hulegezwa kwa matone machache ya mafuta ya alizeti, na Singida hayo hayakosekani. Kisha manyoya yanayopita chini ya vitakia yakatwe yalingane navyo, kwa mkasi wenye ncha butu uliolazwa sambamba na unyayo. Usichimbe ndani kati ya vitakia. Ngozi ya hapo ni nyembamba kama ya kope, na manyoya mafupi yanayobaki ndiyo kinga yake. Wembe usitumike kabisa. Ukiona uvimbe, usaha, au mbwa analamba mguu mmoja siku nzima, hapo mkasi umefika mwisho wake, mwite afisa mifugo wa kata. Akija, muulize na kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.

Manyoya ya nyayo huota tena. Baada ya mwezi mmoja hivi yatakuwa yamevipita vitakia, na kishona nguo kitakuwa bado kipo kiwanjani.